Test peji inatoka safi lakini picha zina mistari, hii printa ni nzima ama nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

mwl_busia

Habari zenu wakubwa humu ndani. Mi ni mwalimu wa praimari huku Busia, upande wetu wa Uganda, nimenunua printa ya rangi ya mtumba, zile za matangi unamimina wino na chupa, jina la kampuni naliacha maana sina ugomvi nao. Aliyeniuzia yuko Kampala, akaituma na basi la usiku. Nia yangu ni niwe natolea nyumbani kazi za likizo za watoto, chati za darasani na ramani, maana kuprinti rangi dukani wanakata kweli kweli na ukitaka kopi za darasa zima mshahara unaishia hapo hapo kwa kaunta.

Sasa shida ni hii. Nimeiunganisha na leptopu, Windows ikaitambua yenyewe, nikabonyeza ile test peji ikatoka safi kabisa, alama ya Windows iko juu, maandishi yamekolea, hakuna doa. Nikaprinti bendera ya Uganda ya kubandika ukutani, nayo haina neno, nyeusi nyeusi kweli, njano njano kweli, nyekundu nyekundu kweli. Lakini nikija kwa ramani yenye maziwa, Ziwa Viktoria linatoka na mistari mieupe ya kulala utadhani matuta ya viazi, Kyoga ndo usiseme, na picha yoyote yenye anga inatoka imepauka inaelekea kijivu.

Nimemwandikia muuzaji kwa WhatsApp, jibu lake ni moja tu, "mwalimu test peji si imetoka, basi mashine ni nzima". Kwani hiyo test peji inapima nini hasa? Kama imefaulu mtihani mbona kwa kazi inafeli? Na kuna njia ya mtu kuipima vizuri hapa nyumbani kabla sijaanza kugombana na mtoto wa watu?

fundi_nasser

Mwalimu pole. Huyo jamaa hajakudanganya moja kwa moja, ila amekujibu swali ambalo hukuuliza.

Hiyo test peji ya Windows (sijui kama unatumia kumi na moja, hapo ni Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, unachagua printa yako halafu Print test page) inapima mawasiliano. Yaani kompyuta inaiona printa, draiva (ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa) ni ya printa hiyo na si ya binamu yake, kebo au waifai inapitisha data, printa inavuta karatasi na kuitema. Isome vizuri utaona yenyewe, imejaa jina la kompyuta, jina la printa, poti gani, draiva gani, vitu vya aina hiyo. Ni karatasi ya maandishi meusi na kapicha kadogo. Nozeli, yaani vile vitundu vidogo vya kutemea wino, kumi za rangi zikiwa zimekufa kale kapicha kanaweza kupita bila wewe kugundua kitu. Wengi huku mjini wanauza mashine kwa karatasi hiyo hiyo, mteja anaona imetoka anatoa pesa.

Sasa njoo kwa bendera, hapo umenipa habari kubwa kuliko unavyodhani. Ndani ya printa yako hakuna wino mwekundu. Kuna nyeusi, sayani ambayo ndo ile bluu ya maji, majenta ile ya pinki kali, na njano. Nyekundu ya bendera inapikwa na majenta na njano. Kwa hiyo bendera yetu yote, nyeusi, njano, nyekundu, unaweza kuitoa bila sayani kuguswa, labda vitone vichache kwa yule ndege wa katikati. Matangi matatu yamefaulu. Ziwa Viktoria na anga ndo vinamwita wa nne, na wa nne ndo anakuja nusu. Kwa hiyo kabla hata sijaiona mashine nakwambia sayani ndo yenye kesi.

Karatasi unayotakiwa kutoa si ya Windows, ni ile ya kukagua nozeli, mafundi tunaita nozo cheki. Hii printa inajitolea yenyewe hata kompyuta ikiwa imezimwa, ndo uzuri wake, maana unatoa draiva na kebo kwenye lawama. Mfano zile Epson zilizojaa kila mahali, L3110 na L3210: zima printa, shikilia kile kitufe cha kusimamisha kazi (chenye alama ya pembetatu ndani ya duara), ukiwa umekishikilia bonyeza pawa, taa ya pawa ikianza kuwakawaka achia vyote. Itatoa karatasi yenye vijistari vifupi vifupi vimepangwa kama ngazi, kila rangi na ngazi yake. Kila kijistari ni nozeli moja. Ngazi ikiwa imekamilika rangi hiyo ni nzima, palipokatika pana nozeli haitemi.

Na usishangae kwa nini rangi inaonyesha mistari haraka kuliko nyeusi. Hiyo L3110 ina nozeli 180 za nyeusi lakini kila rangi ina 59 tu. Nyeusi ikipoteza mbili tatu huoni kitu, sayani ikipoteza idadi hiyo hiyo ramani yako inalia.

Itoe, piga picha, weka hapa. Usisafishe chochote kwanza.

kijana_mbale

Fundi anazungusha sana. Mwalimu ingia setingi, piga hedi klining (printa inajisafisha hedi, ile sehemu yenye nozeli) kama mara kumi mfululizo, itafunguka tu. Mi yangu ndo nafanyaga hivyo na kazi inaendelea.

fundi_nasser

@kijana_mbale ndugu yangu hao wa mara kumi mfululizo ndo wanaotulisha mafundi huku Nasser Road, mtaa wa kuprinti hapa Kampala, endelea tu 😂

Mwalimu usifuate hiyo. Kila klining inavuta wino wa rangi zote, siyo ile iliyoziba peke yake, na wino huo hauendi kwenye karatasi, unaenda kunyonywa na sponji iliyo ndani ya mashine. Sponji ikijaa kwa hesabu ya printa, mashine inagoma kabisa, inawasha taa na haiprinti mpaka sponji ibadilishwe na hesabu yake irudishwe sifuri. Umetatua mistari umenunua kesi nyingine.

Utaratibu wa Epson wenyewe uko hivi: klining, halafu nozo cheki, ukiangalia kama pengo limepungua. Ukirudia hiyo jozi mara 3 na bado, unaiacha printa angalau saa 12 bila kuprinti chochote, ndo unajaribu tena. Kuna maana yake hapo. Kama ni wino uliokauka, ule mpya unapata muda wa kuulainisha, na kama ni hewa imeingia kwenye mipira ya kupitishia wino, inapata muda wa kupanda juu. Ikikataa kabisa ndo kuna ile ya nguvu, Power Cleaning, lakini hiyo usiiguse kama tangi lolote liko chini ya theluthi moja, inaweza kuiharibu mashine, na kati ya moja na nyingine ni saa 12 tena. Mi binafsi mteja wangu akinipigia kuniambia ameshapiga Power Cleaning jioni na anataka kupiga nyingine kabla ya kulala huwa namwambia azime alale yeye kwanza.

Swali kwako, kwenye basi ilisafiri imesimama au imelazwa?

mwl_busia

Ssebo nani atajua ilivyolala kwenye buti ya basi? Mi niliipokea kwa stendi asubuhi boksi limekaa kwa ubavu, juu yake kuna gunia la nguo. Kwenye kona ya boksi kulikuwa na doa la bluu, nikafikiri ni kalamu imevunjika.

fundi_nasser

Hilo doa ndo jibu. Wino wa sayani ulimwagika kidogo na nafasi yake ikachukuliwa na hewa. Basi pengine mashine ilikuwa nzima wakati inatoka Kampala na safari ndo imeitesa. Printa za matangi zinasafirishwa zimesimama wima, vifuniko vya matangi vimebanwa, na ukipokea unaiacha imetulia kwanza kwa meza iliyonyooka. Zile za zamani kama L110 na L210 zilikuwa na kiswichi pembeni cha kufunga wino kabla ya kusafirisha, hizi mpya hazina, ndo maana watu wanadhani unaweza kuitupa tu kwenye buti.

mzee_wa_arua

Salaam kwenu. Mimi si mtu wa wino, natumia leza nyeusi tu kwa barua za kanisa na mikataba ya watu wa mashamba, lakini kwa sababu mnaongelea test peji niongeze ya upande wetu.

Leza haina nozeli za kuziba, tona ni unga. Kwetu ugonjwa mkubwa ni doa linalojirudia. Unatoa karatasi, unaona kidoa cheusi, chini kidogo kidoa kilekile, chini tena kilekile, mstari mmoja wima. Mwaka jana nilitaka kutupa printa kwa ajili hiyo, kijana mmoja wa stesheneri hapa mjini akachukua rula ya mtoto wa shule akapima toka doa moja mpaka jingine, akasema mzee hii ni dramu, ile silinda ya ndani inayobandika unga kwenye karatasi, badilisha katriji tu. Kweli nikabadilisha, kikaisha. Sikuwahi kujua kama rula ni kifaa cha ufundi wa printa.

Ushauri wa pili, na huu unamhusu mwalimu pia. Kama printa yako ina skana juu, usichanganye kopi na printi. Mistari ikitokea ukipiga kopi lakini ukiprinti toka kompyuta haipo, ugonjwa uko kwenye kioo, futa na kitambaa laini. Huku kwetu kiangazi cha Desemba mpaka Februari vumbi la murram linaingia hata kwenye kabati iliyofungwa, vioo vinachafuka kila siku.

fundi_nasser

Mzee heshima. Huyo kijana anajua kazi. Doa linajirudia kwa sababu dramu inazunguka, kila ikimaliza mzunguko mmoja inaacha alama palepale. Kwenye HP nyingi ndogo za leza mzunguko wa dramu ni kama milimita 75, kwa hiyo rula ikisoma hapo usipoteze muda na kitu kingine. Umbali ukiwa tofauti ni rola nyingine, kila rola na kipimo chake.

Na kwa wanaonunua leza za mtumba: ile karatasi ya usanidi ambayo HP inajitolea yenyewe imeandikwa idadi ya peji ilizokwisha kuprinti tangu izaliwe. Muuzaji anakuambia ilikuwa inatumiwa na madam mmoja ofisini kidogo kidogo, karatasi inasema imetoa makumi ya maelfu. Iombe kabla ya kutoa pesa, haina gharama.

mwl_busia

Nimerudi. Nimetoa hiyo nozo cheki, kitufe kimekubali kama fundi alivyosema. Nyeusi ngazi imekamilika. Pinki imekamilika. Bluu imekatika chini, yaani kama robo ya ngazi haipo kabisa, imeliwa. Njano sijui, mi naona karatasi nyeupe tu, nimeipeleka dirishani, nimevaa miwani, bado naona vivulivuli.

Picha nimejaribu kuiweka inakataa, neti ya huku leo ni ya kukopa.

Halafu nina swali lingine msinichoke. Boksi limeandikwa peji 33 kwa dakika. Mi nimetegesha simu kwa hiyo ramani, peji moja tu inachukua dakika na ushee. Hiyo nayo ni ugonjwa ama?

stesheneri_wandegeya

Dada karibu, hapa kwa njano nakusaidia mimi maana nimehangaika nayo. Njano kwenye karatasi nyeupe jicho haliioni vizuri, hata la fundi. Subiri usiku, zima taa, kwenye simu fungua picha ya bluu tupu inayojaza kioo chote, ongeza mwanga mpaka mwisho, mulika karatasi kwa karibu. Kwenye mwanga wa bluu wino wa njano unageuka mweusi, utaona ngazi imesimama kijistari kwa kijistari. Ukikosa simu yenye mwanga mkali kuna zile tochi za taa za bluu.

Kwa spidi usijali, hakuna ugonjwa hapo. Hizo 33 ni za maandishi meusi kwa kiwango cha rasimu, yaani wino kiduchu na hedi inakimbia, na hawahesabu muda wa kuanza. Ukisoma karatasi ya kampuni yenyewe kwa hiyo L3110, kipimo cha ISO (viwango vya kimataifa) ambacho ndo cha ofisi ya kawaida ni peji 10 kwa dakika nyeusi na 5 za rangi. Na hapo bado ni nyaraka za kawaida, siyo ramani iliyojaa rangi toka kona hadi kona. Ukichagua ubora wa juu, hedi inapita mara nyingi sehemu moja, hapo peji moja kunywa dakika ni halali yake.

Ukitaka kupima spidi kwa haki, chukua faili yako ya kila siku, mfano mtihani wa kurasa kumi wa maandishi, kiwango cha kawaida, anza kuhesabu peji ya kwanza ikishatoka mpaka ya mwisho. Ile ya kwanza ina usingizi wake, printa inaamka, inajisafisha, kompyuta inatafsiri faili. Ukiihesabu utaionea mashine.

Mi hapa dukani, wanafunzi wa Makerere wakileta disatesheni saa za mwisho mwisho sina muda wa kuamini maandishi ya boksi, kwa hiyo nina peji yangu mwenyewe ya mtihani nimeitengeneza kwa Word nikaisevu PDF, kila asubuhi inatoka hiyo kabla ya mteja wa kwanza. Nimeweka sentensi moja ileile kwa ukubwa wa fonti 6, 8, 10 na 12, ili nione kama herufi ndogo zinashikana. Nimeweka vibao vinne vya rangi tupu vinene, sayani, majenta, njano, nyeusi, hapo mistari haina pa kujificha. Nimeweka kijivu kinachotoka chepesi kwenda kizito, maana kijivu ndo kinafichua kama rangi moja inazidi wenzake, utaona kinaelekea pinki au kijani. Mstari mwembamba wima toka juu hadi chini, ukitoka umevunjika vunjika kama ngazi hapo shida si kuziba, ni hedi haijapangwa sawa, kuna sehemu ya kuipanga kwenye draiva. Na mwisho picha ya uso wa mtu, mtu wetu mweusi, siyo zile za wazungu za mfano zinazokuja na printa. Ngozi ya mtu mweusi ikikosea kidogo unajua hapo hapo, majenta ikipungua anakuwa kama anaumwa, na mteja wa picha ya pasipoti hatakuambia ni nozeli, atakuambia umemharibu sura.

Wewe badala ya uso weka ramani yako, ndo kazi yako.

kijana_mbale

Sasa hiyo si ni kupoteza wino kila asubuhi?

stesheneri_wandegeya

Peji moja ya vibao vinne ni wino mdogo kuliko klining moja. Halafu wino unaotembea haukauki. Mashine inayokaa likizo nzima imefunikwa na kitambaa cha kufuma ndo inarudi kwa fundi, siyo hii yangu.

fundi_nasser

Hapo dada umemaliza. Naongeza kitu kimoja tu ambacho watu wa nyumbani wanakidharau: kuzima. Printa inazimwa na kitufe chake, halafu unasubiri taa ikome kuwakawaka ndo uchomoe ukutani. Ukizima kwa kitufe, hedi inarudi kwenye kona yake na inafunikwa na kijisponji cha mpira, haikauki. Ukizima ukutani, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya peji, hedi inabaki katikati ya njia mdomo wazi, usiku mzima inapigwa na upepo. Umeme ukirudi iwashe japo huna kazi, iache ijipeleke nyumbani, halafu izime kistaarabu. Nusu ya hedi zilizoziba ninazopokea, ukimuuliza mwenyewe vizuri utakuta ni za watu wanaozima kwa swichi ya ekstensheni pamoja na TV.

Mwalimu, robo ya ngazi imeliwa upande mmoja, nozeli za jirani jirani, hiyo inafanana zaidi na hewa kuliko wino kukauka. Iliyokauka kwa kawaida inatoboa toboa hapa na pale. Kwa hiyo angalia tangi la bluu, lisiwe chini ya mstari wa chini, jaza kama limeshuka. Chupa za Epson hizi kwa soko letu ni namba 103, mililita 65, soma rangi mara mbili kabla ya kumimina maana ukikosea tangi hapo hata mimi sina dawa rahisi. Piga klining moja, shikilia kile kitufe cha kusimamisha kama sekunde 5 mpaka taa iwake wake, usiizime katikati. Toa nozo cheki. Halafu iache mpaka kesho. Karatasi zote ziandike tarehe na saa kwa kalamu uziweke pamoja, ukilinganisha utajua pengo linasogea au limeganda. Likisogea, leo liko hapa kesho pale, ni hewa. Likiganda palepale kila karatasi, ni kuziba.

mwl_busia

Webale nyo. Kwanza njano, hiyo ya simu ya bluu imefanya kazi mpaka watoto wangu wamepiga makofi, ngazi imekamilika yote. Bluu nilijaza, nikapiga klining moja jana jioni, pengo likawa bado kubwa ila limehamia katikati. Leo asubuhi kabla ya kwenda shule nikatoa nyingine bila kusafisha tena, pengo limebaki vijistari vitatu hivi. Ramani nimeprinti kwa kiwango cha kawaida, Ziwa Viktoria limekuwa ziwa, ukiangalia sana Ziwa Albert kuna kamstari kamoja kembamba.

Muuzaji nimemtumia picha ya karatasi zote, sasa ameanza kuniita madam, anasema nikikwama atachangia chupa ya wino. Nimechukua ahadi kwa skrinshoti.

Nipige klining tena leo nimalizie hivyo vitatu?

fundi_nasser

Hapana. Printi kazi zako. Vijistari vitatu vya hewa vitatoka vyenyewe ukiprinti peji zenye bluu, na wino huo utakuwa umeenda kwenye ramani badala ya sponji. Toa nozo cheki nyingine baada ya wiki. Ikiongezeka ndo unitafute.

Chupa chukua hiyo aliyokuahidi, ulishapoteza wino wake njiani.

mama_canon_jinja

Samahani mi nimechelewa, yangu ni Canon, hicho kitufe cha kusimamisha nikikishikilia nikiwasha itatoa hiyo ngazi ama inalipuka?

fundi_nasser

Mama hailipuki, lakini Canon ina mpangilio wake na vitufe vinatofautiana toka modeli hadi modeli. Wewe pitia kompyuta: fungua setingi za printa, tafuta sehemu imeandikwa Maintenance, humo ndani kuna Nozzle Check, bonyeza. Ikitoa karatasi fungua uzi wako, hapa tumwachie mwalimu apumzike.